Mpishi wa Kijiji Aliyekatazwa Kuonja

Saa nne asubuhi, jua la Handeni limeshaanza kuuma, na Hajira Rehani anakoroga maharage kwenye sufuria kubwa ya kijiji. Anainua mwiko, anadondosha mchuzi kiganjani, anataka kuulamba. Anakumbuka. Anajipangusa kwenye kanga.

"Mkono una mazoea yake," anasema. "Mdomo ndio nimeufunga."

Hajira amewapikia wakulima wa shamba la pamoja tangu watu wahamie kijijini hapa. Kwa kuwa wanatoka jasho, mchuzi wao aliukoleza chumvi. Kila alipoonja aliona bado, akaongeza. Mwezi uliopita kichwa kilimgonga, akaanguka karibu na mafiga. Kupelekwa hospitali ya Korogwe, akakutwa na presha ya juu.

Mganga wa zahanati, Bwana Simeo Hiza, alimfafanulia taratibu. Ndani ya ubongo kuna chembe za neva zinazotambua chumvi iliyomo kwenye damu. Ikizidi, zinatoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri na damu hadi kwenye figo: shikeni maji. Presha ikipanda, mishipa hupeleka habari ubongoni, na huko kemikali nyingine huzituliza chembe zile.

"Kwa mtu aliyezoea chumvi nyingi, pengine hazitulii sawasawa," anasema Simeo. "Hapo wataalamu bado wanachunguza."

"Kumbe kichwani nina mpishi mwingine," Hajira alimjibu, "naye haachi kuonja."

Simeo alimkataza kuonja anapopika, asije akaongeza chumvi tena. Alimwambia presha isiposhuka, moto na moshi aviache.

Hilo ndilo linalomkosesha raha. Goti lake bovu haliwezi jembe, na hapa kila mtu anakula kwa kazi yake. Basi sasa anapika bila chumvi, na bakuli la chumvi analiweka pembeni, kila mtu ajitilie.

Siku ya kwanza wakulima walinuna. Athuman, msemaji wao, akainua sahani.

"Bi Hajira, shamba letu moja, jiko letu moja, leo chumvi kila mtu na yake?"

"Ndiyo, mwanangu. Na presha kila mtu na yake."

Wakacheka, wakala.

Jumatatu anakwenda kupimwa tena.

"Ikiwa imeshuka, nitawapikia mpaka mavuno," anasema, akisukuma kuni ndani. "Ikiwa bado, msaidizi wangu Chausiku atashika mwiko, mimi nitakaa pale nichambue maharage. Bure sili."