Samli Puani Mpaka Mvua Inyeshe

Ti. Hivyo tu. Sauti ndogo kama punje ya mchele ikianguka kwenye bati, na mpaka leo naisikia vizuri. Nilikuwa nimeinamia sinia la stili nikichagua dengu. Ikalia ti, kisha ti ya pili, nikaona dengu za manjano zimepata madoa mekundu. Pua yangu ilikuwa inatoka damu.

Ilikuwa Januari, ule mwezi ambao Nakuru inakauka mpaka midomo inapasuka, na upepo wa mchana unalileta vumbi kutoka upande wa ziwa na kulimwaga kwenye meza uliyoipangusa sasa hivi. Mimi nimezaliwa Olenguruone, juu kwenye ukungu, kwa hivyo joto sikulijua. Nilikuwa nimeshuka mjini mwaka huo kufanya kazi kwa mama mzee Mhindi, mjane anayekaa peke yake kwenye nyumba ya zamani yenye veranda. Wajukuu wake wakija humwita Ba, yaani nyanya, na mimi nikafuata. Nilimsaidia kupika, naye akanifundisha. Shule niliishia darasa la nane, lakini kichwani nina hoteli. Iko Salgaa kando ya barabara, imepakwa rangi ya kijani, na madereva wa malori wanagombania viti. Sufuria zake zote nimeshazipanga. Jikoni kwa Ba ndipo nilipokuwa naisomea hoteli yangu, bila yeye kujua.

Wiki hiyo damu ilitoka mara tatu. Nilienda kliniki, daktari akanipima, akaniambia sina ugonjwa mbaya, pua imekauka kwa vumbi na joto, ninywe maji kwa wingi. Nikampigia mama ili nimtulize, na hapo ndipo nilipojiharibia. Mama akisikia neno damu hasikii lingine.

"Ikitoka tena kabla ya mvua, unapanda gari unarudi nyumbani," akasema. "Majani chai yapo ya kuchuma. Hoteli haipikiwi na maiti."

Mama si mtu wa kusema kitu halafu akasahau. Kwa hivyo nikaanza kujitibu kwa siri, kwa njia niliyoijua. Kwetu mtu akiumwa chochote, kichwa au moyo, anachemshiwa tangawizi, kitunguu saumu na limau, anatiliwa asali, anakunywa ingali moto. Tunaiita dawa, basi. Nilikunywa kikombe asubuhi, kingine saa sita jua likiwa utosini, kingine jioni, na katikati chai ya maziwa kama kawaida. Tumbo likaanza kuwaka. Vidonda vikatoka mdomoni, mgongo ukajaa upele. Nikaona labda dawa ni hafifu, nikaongeza tangawizi.

Siku moja Ba akaniita jikoni. Alikuwa ameshika kikapu kilichobaki na kipande kimoja kilichokunjamana.

"Tangawizi yangu nakwenda wapi?"

Nilijua anadhani ninauza. Nikamweleza yote huku nalia: damu, mama, mvua, vikombe vitatu kwa siku. Ba akakaa kwenye stuli, akacheka mpaka akavua miwani kuipangusa.

"Wewe nakaa kwa moto, nakula moto, nakunywa moto," akasema. "Halafu nauliza kwa nini nyumba naungua."

Kisha akanieleza taratibu. Kwao kuna elimu ya zamani ya kuishi, Ayurveda, ambayo yeye aliipata kwa mama yake pamoja na mapishi, wala hajui kuitenganisha na mapishi. Ndani ya kila mtu kuna moto unaosaga chakula, wanauita pitta. Kwenye baridi unauchochea. Kiangazi kikija, jua linauchochea lenyewe, na kazi yako ni kuupunguzia kuni. Tangawizi haina ubaya, mimi ndiye niliyeitumia mahali pasipo pake. Kule kwetu kwenye ukungu, akasema, dawa ya mama yangu ilikuwa sawa kabisa. Hilo lilinifariji kuliko yote, kwa maana sikutaka mama aonekane mjinga.

Basi siku zangu zikageuzwa. Tukawa tunapika alfajiri, kabla jua halijafika dirishani, na saa sita jiko likiwa limezimwa. Pilipili ikafungiwa kabatini. Mbegu za dhania nilizoloweka jioni nilizichuja asubuhi, nikanywa maji yake kabla ya kitu kingine. Mchana tulikula matango, na maziwa ya mtindi yaliyopigwa na maji mengi mpaka yakawa mepesi, yenye bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Baada ya hapo lazima nilale chini robo saa, nitake nisitake. Mimi niliyelelewa kwamba msichana akionekana amelala mchana ni mvivu au ana mimba, nililala nimetoa macho nikisikiliza kama kuna mtu anakuja.

Jambo gumu halikuwa hilo, lilikuwa kuacha chai. Siku mbili kichwa kiliniuma nikawa sisemi na mtu. Siku ya tatu Ba akanihurumia, akaniruhusu nusu kikombe asubuhi, bila tangawizi.

Halafu kulikuwa na samli. Kila asubuhi nilichovya ncha ya kidole, nikapaka ndani ya pua kila upande, ili isikauke. Kutwa nzima nilinusa chapati. Nilipomweleza mama kwa simu habari za samli na maji ya mbegu, aliuliza kama masikioni pia wananitia kitunguu.

Tumbo lilitulia kwanza, kisha vidonda. Sijui niseme ni mbegu, au ni kupumzika, au ni kuiacha tu ile dawa yangu. Ila damu niliihofia bado, na mawingu hayakuonekana.

Mwisho wa Machi, nikiwa sokoni saa tano, nikihesabu matango, nikasikia kitu cha moto kinateremka kutoka puani mpaka mdomoni. Matango yakanitoka mikononi. Niliiona barabara ya kurudi nyumbani, niliona kikapu cha majani chai mgongoni, niliona ile hoteli ya kijani ikifungwa kabla ya kufunguliwa. Nikaweka kidole, nikakiangalia. Kilikuwa cha manjano, kinang'aa. Samli ilikuwa imeyeyuka kwa jua.

Nilicheka nimeshika meza ya watu. Mama wa mboga akaniangalia, akamwambia mwenzake, "Huyu ama amepata bwana, ama amemzika."

Siku tisa baadaye mvua ilinyesha alasiri, ile ya matone makubwa yanayotoa harufu ya udongo. Nilimpigia mama nikiwa veranda, nikatoa simu nje ili asikie.

"Haijatoka?" akauliza.

"Haijatoka."

"Kaa basi."

Nilidhani amekata, kumbe bado yupo. Akashusha sauti, akauliza kama yale maji yetu ya mbegu yanaweza kumfaa mtu anayewaka bila jua. Ndipo akaniambia kwamba tangu mwaka jana, katika baridi yote ya Olenguruone, anaamka amelowa jasho, anatupa blanketi, anakaa kitandani akijipepea na kitambaa cha kichwa. Hakuwa amemwambia mtu. Nilimwambia maji hayo hayana ubaya, lakini amwone daktari pia, akasema ataona. Akaniuliza kama Ba atacheka. Nikamwambia Ba anacheka kila kitu.

Kesho yake, Ba alipojinyoosha baada ya chakula, nilibaki peke yangu mezani. Nilimwaga mbegu za dhania kwenye sinia, nikatoa vijiti na mawe, nikazifunga kwenye karatasi kwa uzi ili zipande gari la Olenguruone asubuhi. Juu yake nikaandika: loweka jioni, kunywa asubuhi, acha tangawizi. Nikawaza uso wa mama akisoma. Nikakata maneno mawili ya mwisho kwa kalamu, nikaandika: tangawizi ipumzike kidogo.