Hawe na Fulana Yake ya Mazishi

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Asubuhi moja, mswaki ungali mdomoni, bibi yangu mzaa baba alinipigia simu akaniambia niende nikamtengenezee fulana za mazishi.

"Nani amekufa, Hawe?" nikamuuliza. Hawe ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Rabai.

"Mimi."

Nikatema povu. "Lakini Hawe, si unaongea nami sasa hivi?"

"Sijafa bado. Lakini nitakufa, au wewe ulidhani nitabaki? Na kompyuta unayo. Njoo Jumamosi."

Akakata. Hawe hukata simu kama mtu anayefunga mlango kuku wasiingie ndani.

Nilikuwa nikisomea usanifu wa michoro Malindi, nikikaa kwa shangazi yangu karibu na soko. Tangu nianze masomo hayo, ukoo mzima uliamua kwamba sina kazi nyingine duniani ila kuwachorea. Bango la mchango wa karo, mimi. Tangazo la mashindano ya mpira, mimi. Kuna mjomba aliyenitumia picha ya mbuzi wake aliyepotea akataka niitengeneze "ipendeze", kana kwamba mwizi angeona aibu akamrudisha. Mwingine alitaka kichwa chake kiwekwe juu ya mwili wa mtu aliyevaa suti. Na kila mmoja humalizia kwa maneno yale yale: "Si dakika mbili tu?" Yaani dakika mbili hizo zimenilia usingizi, chakula na mitihani miwili.

Muhula huo nilikuwa na balaa jingine. Mwalimu wetu, mtu wa bara mwenye mashati yaliyonyooka hata kwenye joto la Malindi, alitupa kazi ya kutafuta mteja wa kweli. "Sio mteja wa kutunga," alisema. "Mtu mwenye maoni yake. Mfanyieni kazi tangu mwanzo hadi ichapwe. Na mniletee daftari la vitu vilivyowapa mawazo."

Daftari halikuniogopesha. Mimi hukusanya herufi kama wengine wanavyokusanya makombe ya pwani. Nina picha za vilinda tope vya bodaboda, na picha za ubao wa muuza samaki sokoni anayeandika bei kwa chaki na kumchorea samaki aina ya changu jicho lenye hasira. Nina vichwa vilivyochorwa kwenye kuta za vinyozi, visivyofanana na binadamu yeyote aliyewahi kunyolewa. Siku moja nilishuka Gede kabla ya kituo changu kwa sababu tu ya herufi R iliyoandikwa kwa brashi kwenye kibanda cha mboga, R yenye mguu mrefu kama inataka kuondoka. Mwenye kibanda aliponiona napiga picha akatoka na mwiko mkononi: "Wewe ni wa kaunti? Leseni ninayo!" Nilipomwambia nimependa R yake, alinitazama kwa huruma, akanipa ndizi.

Kilichonishinda ni mteja. Nilikuwa nimempata mwenye mkahawa mmoja Watamu, akanisifu, akaniahidi, kisha akaacha kupokea simu zangu. Zikabaki wiki tano. Ndiyo maana nilikwenda Rabai Jumamosi hiyo, nimenuna njia nzima.

Nilimkuta Hawe barazani. Alikuwa ametandika fulana tatu juu ya mkeka kama mchuuzi. Zote zilikuwa za mazishi ya watu wengine, mazishi aliyoyahudhuria yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mke mwenzangu. Kaa. Tazama upuuzi huu."

Akaanza kunifundisha. Ya kwanza walikosea jina la marehemu. Ya pili, marehemu alikuwa mfupi, nao wamemvuta akawa kama mnazi. Ya tatu aliilaza mapajani, akainyoosha mikunjo. Ilikuwa ya rafiki yake wa tangu usichana, waliyekuwa wakienda naye kisimani, na alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Familia haikuwa na picha nyingine ila ya kitambulisho. Waliikuza mpaka ikaenea kifua kizima, na yule mama akatokea kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Watu walilia wakimtazama mtu mwingine," Hawe alisema. "Alikuwa mcheshi huyu. Mimi sitaki kuzikwa na sura ya kitambulisho."

Basi nikasema sawa, nikijidanganya kwamba itakuwa kazi ya siku moja.

Kupiga picha kulichukua kutwa. Alioga. Akavaa sare ya akina mama wa kanisani, akaivua. Akavaa kanga mpya, akasema inamnenepesha. Akaazima miwani myeusi kwa jirani. Nilipomwambia macho hayaonekani, alinijibu, "Mbona nyinyi mnavaa?" Alisimama wima, mikono ubavuni, uso mkavu, ile ile sura ya kitambulisho aliyoikimbia. Kila nilipomwambia acheke, alikaza midomo zaidi.

Jioni mbuzi alitia mdomo kwenye ungo wa unga. Hawe aligeuka akamtupia kandambili, ikamkosa, naye akacheka hadi pengo lake likaonekana. Nikabonyeza. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

"Futa hiyo," akasema. "Nimefungua mdomo kama kapu."

Sikufuta.

Nilirudi Malindi nikatengeneza mchoro wa kwanza kwa adabu zote nilizofundishwa darasani: picha upande mmoja, jina chini kwa herufi nilizozichora mwenyewe, R yenye mguu mrefu ikiwemo, na nafasi kubwa nyeupe ili jicho lipumzike. Niliona fahari. Jumamosi iliyofuata nikampelekea Hawe. Aliishika simu mbali na uso, halafu karibu, kisha akagonga kioo kwa ukucha.

"Hapa mbona patupu?"

"Ni nafasi, Hawe. Ili picha ipumue."

"Nimeishi miaka yote hii, nimelima, nimezaa, halafu unaniachia mahali patupu? Watu waseme sikufanya kitu? Na njiwa wako wapi?"

"Njiwa gani?"

"Yule mwenzangu waliyemkosea jina, angalau walimpa njiwa wawili. Mimi niwekee wanne. Na maua. Na hii picha ya mdomo wazi..." Akaitazama tena. "Hii basi iache. Nimekuwa kama mama yangu."

Nikaweka njiwa. Jumatatu nikamwonyesha mwalimu, naye akashika kalamu nyekundu. "Toa hawa ndege," akasema. "Toa maua. Toa, toa. Mbona umejaza hivi? Mwenye nguvu kwenye kazi ni wewe ama mteja?" Nikatoa. Jumamosi Hawe akavirudisha. Nilikuwa kama mtu anayebeba maji kati ya mapipa mawili, yote yanavuja. Usiku nikilala nawaota njiwa.

Ndipo baba yangu alipopata habari. Yeye anafanya kazi Kilifi, na habari hii aliipata kwa njia mbaya zaidi: mtu alimpa pole ofisini. Alinipigia akifoka.

"Unamchuria mama yangu kifo?"

"Baba, ameniita mwenyewe."

"Na akikuita kuchimba kaburi utakwenda na jembe? Kazi hiyo iishe leo!"

Jumamosi akaja Rabai kuhakikisha imeisha. Alitukuta barazani, Hawe akinisomea maneno ya kuandikwa mgongoni mwa fulana, mimi na kompyuta mapajani. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umetushinda, maana ule wa kwenye kitambulisho ulikisiwa na karani, naye Hawe alijua tu kwamba ulikuwa mwaka wa njaa. Baba alimwamkia mamake, akakaa, akasafisha koo kutoa hotuba. Hawe hakumpa nafasi.

"Andika," akaniambia. "Ameacha watoto sita, ametanguliwa na mmoja."

"Mama," baba akasema, "ametanguliwa na nani? Sisi ni sita. Wote tuko hai."

"Ni saba."

"Sita, Mama. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye nijuaye."

Hawe akavuta kanga yake begani. "Wewe ni wa pili," akasema. "Kabla yako alikuwepo msichana. Alianza kuota meno, akapata homa, siku mbili tu. Yuko pale nyuma ya nyumba ya zamani. Karani alipokuja kuandika watoto, aliuliza walio hai, nami nikamjibu alichouliza. Baba yenu hakutaka atajwe. Lakini sasa baba yenu hayupo, na fulana ni yangu."

Mtu anayemjua baba yangu ataelewa. Maisha yake yote amekuwa kifungua mimba. Kila kikao cha ukoo yeye hukalia kiti cha mbele na kusema wa mwisho. Sasa aliketi na mdomo nusu wazi, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi.

"Aliitwa nani?" akauliza hatimaye.

Hawe akalitaja jina. Baba akageuka kunitazama mimi. Lilikuwa jina langu. Siku niliyozaliwa Hawe alitembea kwa miguu hadi zahanati akasema mtoto huyu ataitwa hivi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Vidole vilikuwa juu ya vibonye na havikubonyeza kitu. Hawe ndiye aliyenizindua.

"Mbona huandiki?"

Nikaandika. Ilibidi nipunguze ukubwa wa herufi zote ili mstari uingie. Niliandika jina langu kati ya majina ya watu waliotangulia mbele ya haki, na nikiri kwamba nililiandika vizuri kuliko mengine.

Ungedhani baada ya hapo watu wangeniachia kazi yangu kwa amani. Wapi! Baba, aliyekuja kuizuia, alivuta kiti karibu, akavaa miwani, akaanza kuwa na maoni. Rangi ya zambarau haimfai mama yake. Maandishi yainame kidogo. Hao njiwa mbona wanatazama upande mmoja? Nikamwambia ni njiwa mmoja tu nimemrudufu mara nne. Akasema inaonekana. Kufika saa kumi nilikuwa na wateja wawili badala ya mmoja, na wote wawili ni wazee wangu, ambao huwezi kuacha kupokea simu zao.

Nilipeleka kazi kwenye duka la uchapaji Malindi mjini, duka la familia ya Kihindi iliyochapa kadi za harusi za nusu ya mji ule. Mama mwenye duka aliitazama kwenye kompyuta yake, uso ukalegea kwa huruma.

"Pole sana kwa msiba, mwanangu."

"Ahsante, mama. Lakini hajafa."

Akavua miwani. "Hajafa?"

"Anazisubiri fulana."

"Ni mgonjwa?"

"Ana nguvu kunishinda."

Akatazama tena. "Na hapa tarehe ya kufariki hamna."

"Amesema tutaijaza kwa kalamu."

Yule mama akamwita mumewe kutoka nyuma, wakazungumza kwa lugha yao, wote wawili wameinama kwenye picha ya Hawe akicheka na pengo lake. Mume akacheka kidogo, akajizuia. Wakaniambia nirudi kesho yake. Niliporudi, maandishi yalikuwa safi, picha safi, ila njiwa wote wanne walitoka kijani kibichi. Nilikaribia kulia pale pale kaunta. Hawe alipoziona fulana akasema, "Kasuku! Hakuna aliyewahi kuwekewa kasuku," akafurahi kuliko siku zote.

Mwalimu wangu hakuwaona kasuku kwa jicho hilo. Aliigeuza fulana mbele na nyuma, akasoma mgongoni polepole, akafika kwenye jina langu, akainua macho. Nilimweleza. Akakunja fulana vizuri kuliko alivyoipokea. Kisha akanipa alama za katikati na kuandika pembeni: "Mteja amemzidi msanifu." Nilikasirika kutwa nzima, hasa kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumapili hiyo Hawe alinipigia simu akitoka kanisani.

"Nimeivaa," akasema.

"Hawe! Ni ya mazishi!"

"Na nikishakufa nitaionaje?"

Aliniambia kwamba kasisi alikatiza mahubiri alipomwona, kwamba baba alikuwa ameketi kando ya Hawe amevaa fulana ya kwake, na kwamba akina mama walimzunguka nje kwa muda mrefu. Akanitaka niende tena Jumamosi, hakusema kwa nini.

Nilipofika niliwakuta kina bibi wanne wamepangana barazani, wameoga, wamechana nywele, kila mmoja na maoni yake. Mmoja alitaka aandikwe kwa herufi kubwa kuliko za Hawe. Mwingine alitaka jirani yake fulani asitajwe popote. Wa mwisho, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alitaka achorwe juu ya farasi mweupe. Nikamuuliza kama amewahi kupanda farasi.

"Ndiyo maana nataka," akasema.

Nikafungua kompyuta.