Mlima Ulionyolewa

Ofisini walimwita Kinyozi, ingawa hakuwahi kumkata mtu unywele hata mmoja. Alikuwa akinyoa milima. Kazi yake pale ofisi ya hali ya hewa ilikuwa kukokotoa upepo unaopita juu ya visiwa: ukigonga mlima hupanda, ukivuka hushuka, kisha hupanda tena, ukaacha nyuma ya kisiwa mawimbi ya hewa yasiyoonekana kwa macho. Kompyuta ndiyo huyaona. Lakini mlima ukiwa mkali mno, hesabu huvurugika na programu hufa katikati ya kazi. Kwa hiyo kila mtu pale, tangu enzi za mkuu wa kwanza, hupunguza kilele kidogo ili mambo yaende. Siku ile Kinyozi alikuwa na haraka, akakata theluthi nzima. Picha ikatoka laini, hewa tulivu. Akaitia sahihi, akaipeleka uwanja wa ndege.

Kaka yake, rubani wa ndege ndogo ya mizigo, aliruka asubuhi hiyo na hakurudi. Wachunguzi wa ajali waliisoma picha ile, wakaandika kwamba hewa ilikuwa shwari na rubani alizembea.

Tangu mazishi Kinyozi hakulia. Alikula, akalala, akapiga pasi nguo za kazini. Watu walimsifu kwamba amejikaza kisabuni, naye hakuona alichokuwa anakikaza. Jumatatu moja aliurudisha mlima kwenye urefu wake, akaiamuru kompyuta iende kwa hatua fupi fupi ili isife njiani. Jumatano mawimbi yakatokea, makubwa, kwenye njia ileile aliyopita kaka yake. Aliyatazama, kisha akaenda kuosha kikombe.

Mkuu wake, alipoonyeshwa mawimbi hayo, alimwambia kwa upole kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo wakosaji huipenda sana. Kinyozi hakubishana, ila hakufanya lolote pia. Si kwa hofu, hakuona tu haraka ya nini. Jumamosi ndipo alipoandika barua ya kusahihisha, akaituma kwa wachunguzi, akaenda kwa mjane wa kaka yake.

Alimkuta sebuleni akikunja nguo. Akamweleza yote kwa sauti ileile moja, kama anayesoma taarifa ya habari.

“Kwa hiyo hakuzembea,” mjane akasema.

“Hakuzembea, wifi. Ni mimi niliyeukata mlima.”

Mjane alikunja gauni dogo, akalikunjua, akalikunja tena. Alisema binti yake alikuwa akimuuliza kila siku kwa nini baba alianguka, naye alikuwa akimzungusha, mpaka akachoka. Akamwambia kwamba baba yake alikuwa mzembe, kwa sababu ripoti ya wachunguzi ilisema hivyo, na picha ya hewa iliyobandikwa humo ilikuwa na sahihi ya shangazi.

“Ulijua lini?” akauliza.

“Jumatano.”

“Mimi nimemwambia jana.”

Hapo ndipo ilipomuuma Kinyozi, kwa mara ya kwanza. Mtoto alikuwa chumba cha pili, anawasikia.