Nesi Aliyezima Oksijeni ya Mzee

Siamini bado kwamba naandika "marehemu" mbele ya jina la Zai.

Wengi mnamjua, nesi Zainabu wa kituo chetu cha afya. Jumanne aliamka na kichwa kinamuuma, mchana akaanguka nyumbani kwake. Kiharusi. Alhamisi tumemzika kwao Mgori.

Nimefanya naye kazi miaka sita. Akiingia wodini, shikamoo kitanda kwa kitanda, ndipo ashike faili. Chai yake sukari vijiko vinne! Ukimsema, anakujibu: "Niache Juma, nesi ni mimi."

Ila kuna siku moja nataka muijue.

Aliletwa mzee mfugaji kutoka upande wa Mtinko, kifua kinambana, jasho linamtiririka. Zamu ilikuwa yangu. Nikakimbilia mtungi wa oksijeni, nikamvisha maski, nikafungulia mpaka mwisho. Sikumpima. Nilipaniki tu.

Zai akaingia, akambana mzee kile kipimo cha kidoleni, akasoma, akasubiri, akasoma tena. Akafunga mtungi.

Mtoto wa mzee akaruka: "Nesi! Baba anakufa, unamnyang'anya hewa?"

Zai akashusha sauti. "Kaka yangu, nimempima, oksijeni kwenye damu inamtosha. Kinachoonekana ni mshipa wa moyo umeziba, na hewa haizibui mshipa. Ikizidi inaweza hata kuibana mishipa. Baba anahitaji dawa na gari, sasa hivi."

Akampa aspirini atafune. Mimi nikapiga simu gari la wagonjwa lije. Njia nzima hadi hospitali mjini Zai alikaa naye, anapima kila mara, mtungi uko tayari pembeni kama kiwango kingeshuka. Hakikushuka.

Mzee alitibiwa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Zai aliporudi nikamuuliza, "Kosa lilikuwa langu, mbona hukusema mbele yao?"

Alikuwa anavua viatu, hata hakuinua kichwa. "Wangekuogopa, Juma. Siku wakiumwa mimi sipo, wangekuja kwa nani?"

Halafu akanifundisha taratibu, nani wa kupewa oksijeni na nani haimsaidii. Hakulirudia tena hilo jambo, hata kwa utani.

Basi leo nalisema mwenyewe hapa hadharani: nilikosea mimi, na wewe, Zai, ndiye uliyenyoosha mambo.

Ulale salama, dada yangu Zai. Zamu yako ya kesho asubuhi naingia mimi.