Spika Zangu na Kaseti ya Shetani

Nilianza kuteseka mwaka wa 1964, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa, ndugu zake wakagawana ng'ombe wetu, nami nikatolewa darasa la tatu nikachunge ng'ombe hao hao. Kwa hivyo asije mtu kuniambia alinifunza kazi. Spika zangu nilizitengeneza mwenyewe, mbao nikapasua kwa mkono.

Miaka ya tisini nilikuwa nimepanga chumba na stoo Kawangware, nakodisha spika na jenereta. Wateja wangu walikuwa makanisa ya Kibera, kutoka kijiji cha Lindi mpaka cha Kianda, humo humo Kibera. Kanisa la mabati lenye watu thelathini linataka kelele ya watu elfu tatu. Sikuuliza kwa nini. Niliwapa kelele.

Siku moja wakaja vijana wanne wa Kianda wenye bendi. Si benga, si rumba. Ni ile rock nzito wanayoita metal. Mpiga gitaa alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na alivaa buti za jeshi kwenye jua kali, mjinga yule. Walikuwa wanarekodi albamu yao ya kwanza, na spika yao ya besi ililia kama kopo, wakataka yangu. Wakarekodia ndani ya stoo yangu, wametundika blanketi ukutani. Mimi nikakaa hapo kulinda mali yangu.

Muziki wao niliusikia wote. Gitaa inashika kitu kimoja kizito, inakirudia polepole, kama watu wanaosukuma mkokoteni wa mawe mlimani. Ukishachoka kabisa, inageuka kidogo tu, na hapo nywele zinasimama. Wimbo mmoja ulihusu mfalme aliyezikwa na ng'ombe zake. Mpaka azikwe, chai yako imepoa. Sikuupenda. Lakini wale wapiga benga waliosema huo si muziki wa Mwafrika, kana kwamba gitaa zao ziliota shambani, hao ndio sikuwapenda kabisa.

Kaseti ikatoka na picha ya fuvu la ng'ombe. Pasta mmoja wa Lindi, mteja wangu mkubwa, akaiona, akasikia ilirekodiwa kwa spika zangu. Jumapili akatangaza kwamba spika zangu zimeingiwa na pepo, kanisa lolote lisizikodi, zichomwe. Makanisa mengine yakamfuata bila kuuliza. Wiki baada ya wiki spika zikakaa stoo na panya, na mwenye nyumba wangu hakutaka kusikia habari ya pepo.

Kisha pasta akaitisha mkutano uwanjani, siku mbili, wa kuchoma vitu vya shetani. Siku ya kwanza alihubiri kwa koo lake peke yake. Watu walipita na mitungi yao ya maji kama hawamwoni. Jioni akaja kwangu Kawangware.

"Ndugu, kesho tungehitaji vyombo."

"Vyombo gani?"

"Hivyo vyako."

"Pasta, unataka spika zangu zitangaze kwamba spika zangu zichomwe?"

Akaangalia viatu vyake. "Tutaziombea kwanza."

"Ziombee. Lakini mimi hujaribu spika kabla ya kazi, na kaseti ya kujaribu nachagua mimi."

Akakubali.

Kesho yake nikaweka wimbo wa mfalme, wote, bila kukata. Pasta akatoa jasho. Mabati ya Lindi yakatetemeka. Watu wakatoka, huyu na mwiko, yule na nyundo, wanauliza ni nini kimeanguka. Uwanja ukajaa. Mfalme alipozikwa nikazima, pasta akashika maikrofoni akasema, "Tazameni Bwana alivyowakusanya." Sijawahi kusikia mwizi akishukuru vizuri hivyo.

Wakachoma kaseti kwenye karai. Mpiga gitaa alisimama kando yangu na buti zake, anacheka.

"Unacheka nini? Kazi yenu inaungua."

"Buda, hizo walinunua kwangu jana. Huyu pasta ndiye kasitoma wetu mkubwa."

Spika hakuna aliyezigusa. Wangechoma, wangehubiri na nini? Jumapili iliyofuata makanisa yote yalirudi, wala hakuna aliyeomba msamaha. Nikapandisha bei. Vijana hawakurekodi tena. Yule fundi ndiye aliyenichomelea geti.

Leo niko na ploti moja Kawangware, vyumba kumi na vinne vya kupangisha, pikapu, jenereta mbili, spika zile zile, geti la chuma, na kaseti moja yenye fuvu la ng'ombe. Kanisa sina.