Fundi Cherehani Aliyeombewa Kanisani

Riwaya ya kwanza niliyoisoma hadi mwisho ililetwa kwetu Nyabiondo na baba yetu, Papa, aliyeinunua sokoni Goma. Jalada lilikuwa limeng'oka, basi sisi tuliiita tu kitabu. Ilisimulia maisha ya fundi cherehani ambaye mumewe alimwacha na mimba, akaenda kutafuta maisha katika miji ya mbali.

Wakati huo nilikuwa sekondari. Mchana wa mvua, tukichambua maharage, nilimsomea mama yake Papa, tuliyemwita Koko, kwa sababu yeye hakujua kusoma. Mimi nilipenda sehemu za yule mume: treni, hoteli, wanawake wenye viatu virefu. Sura za mkewe nilikuwa naziruka. Koko akanigundua upesi.

"Na ule mwanamuke? Iko namna gani?"

"Iko anashona tu, Koko."

"Rudia pale iko anashona."

Nikarudi nyuma, nikasoma yote: sindano iliyovunjika, mguu uliovimba, majirani wenye maneno. Koko alisikiliza, mikono yake imetulia juu ya ungo.

Jumapili iliyofuata, mchungaji alipouliza nani ana ombi, Koko akasimama.

"Tuombee dada moya," akasema. "Bwana yake alimukimbia, na iko karibu kuzala."

Kanisa zima likainamisha vichwa. Mimi niliyemjua huyo dada nilijifunika uso kwa kitenge nisicheke.

Cheko liliniisha nje. Mama mmoja wa kanisa alitufuata akiwa na kifurushi cha nguo za mtoto, safi, zimekunjwa vizuri. "Mupelekee ule dada," akamwambia Koko. Nikadhani Koko atamweleza ukweli. Alishukuru, akakibeba kichwani, akashika njia ya kwenda chini mtoni badala ya ile ya kwetu. Nikamfuata hadi kwa msichana mmoja ambaye bwana yake alikwenda Omate kuchimba madini, asilete habari tena, naye msichana tumbo lake lilikuwa kubwa. Koko akamkabidhi kifurushi. Msichana alikikumbatia.

Tulipokuwa tukirudi nikamwuliza, "Koko, siyo huyu uliombea."

"Njo huyu, ni yeye," akajibu. "Ni jina tu haiko ile."

Mwisho wa riwaya mume anarudi. Koko alinuna siku nzima kwa sababu mke alimfungulia mlango.

Sasa nafundisha Buleusa, nina watoto wangu, na Koko alishatutoka. Mwaka jana, likizo, nilikisoma kitabu tena. Nilishangaa kuona zile treni zilivyonichosha. Kila yule mume alipopanda nyingine nilifunua kurasa haraka nirudi kwenye cherehani. Mwanamke niliyemdhani mpole na mjinga nilimkuta ana ulimi mkali, tena anachekesha. Alikuwa vile tangu mwanzo, ila mimi nilikuwa na haraka ya kufika hotelini.

Katika ukurasa wa mwisho kabisa nilikuta jambo ambalo mimi na Koko hatukulisikia, kwa kuwa alipoanza kulalamika kuhusu mlango nilimaliza mistari iliyobaki harakaharaka. Ni kweli anamfungulia mumewe mlango. Lakini anatoka na kiti, anakiweka uani, anamwambia akae pale. Yeye anarudi ndani kumalizia gauni la mteja.

Nilimsomea mume wangu kipande hicho kwa sauti. Akauliza, "Kisha alimuingiza?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.