Trekta Iliyopona

Wiki iliyopita, hapa mtaani kwetu Bakoba, kijana wa gereji alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye gari la mjukuu wangu, akakifuta kwa kitambaa, na kitambaa akakitupa karibu na kiti alichonipa. Niliinuka nikaondoka. Mjukuu alidhani jua limenishinda. Haikuwa jua. Ilikuwa ile harufu ya oili iliyoungua, na ndani yake ukali mwembamba wa dizeli. Pua yangu siku hizi haitambui hata maziwa yaliyochacha, lakini harufu hiyo haijaisahau tangu enzi za Mwingereza, nilipokuwa msichana wa darasa la nne kule Ijumbi.

Baba alikuwa amenunua trekta. Haikuwa mpya, hata kwa macho ya mwenye mapenzi. Mzungu mmoja mwenye shamba, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao, aliwafundisha baba na mdogo wake kwa siku mbili, kwa ishara tupu: hapa vuta, hapa kanyaga, hapa mimina. Baba alitaka kulima rweya, ile nyika ya majani nje ya kijiji ambayo wazee walisema haizai kitu. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa na trekta na wao hawakuwa nayo.

Dereva alikuwa Tatento Zakaria. Tatento ni baba mdogo kwa Kihaya, na huyu alikuwa mdogo kweli, mwembamba, mwenye kuimba nyimbo za kanisani huku injini ikimfunika sauti. Kila asubuhi alichomoa kijiti, akakuta oili imeshuka, akaongeza. Trekta ile ilikunywa bila aibu. Halafu, mvua zikiwa zinakaribia, ikaacha. Alama ilibaki palepale siku mbili, tatu, kisha ikaanza kupanda bila mtu kumimina hata tone.

Tatento alipiga makofi. "Kaka, imepona!"

Baba naye alifurahi, na kwa siku kadhaa nyumba nzima tulisema trekta imepona, kama tulivyosema juu ya ng'ombe. Mama peke yake hakusema. Alikiomba kijiti, akakinusa kama alivyonusa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kujua kama imeiva.

"Hii inanuka taa," alisema. "Na mimi chungu kikijaa chenyewe nyumbani mwangu, nakimwaga."

Baba alichovya kitambaa kwenye oili ile, akakifunga ndani ya jani la mgomba, akanipakia kwenye lori la kahawa lililokuwa linakwenda Muleba. Huko kulikuwa na fundi, Msukuma, asiyejua neno la Kihaya. Kiswahili cha baba kiliishia kwenye salamu, na cha Tatento hakikufika hata huko. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili. Jamani, nilivyoringa juu ya yale magunia!

Fundi alikamua kitambaa juu ya kipande cha gazeti. Tone jeusi likabaki katikati, na kulizunguka likatokea duara la majimaji, likazidi kutanuka. Akasugua vidole, akanusa, akatikisa kichwa.

"Binti, dizeli imeingia kwenye oili. Pampu inavuja. Mwambie baba yako asiiwashe kabla ya kumwaga oili yote na kutia mpya. Pampu nitakuja kuitazama Jumamosi. Umeelewa?"

Nilirudia neno kwa neno. Akanisifu. Njia nzima nilikariri maneno yake kama sala, na kwa kweli sikuyaelewa kuliko nilivyoelewa sala.

Maana nyumbani kwetu neno lilikuwa moja tu, amajuta. Samli ilikuwa amajuta, ya taa amajuta, na ya trekta, ya tanki na ya injini, yote amajuta. Aliyetaka kuyatofautisha alinyosha kidole.

"Amesema mmwage amajuta yote, mtie mapya, kisha muwashe," nilimwambia baba kwa Kihaya.

"Yapi?" Tatento akauliza.

Nilikumbuka kwamba fundi alikuwa ameilaumu dizeli. Dizeli imeingia, alisema. Basi mkosaji ni dizeli. Nikanyosha kidole kwenye tanki.

"Lakini yanayopanda ni haya ya chini," Tatento alisema.

"Fundi amesema dizeli. Mimi ndiye niliyemsikia."

"Mwache," baba alisema. "Yeye ndiye aliyesoma."

Asubuhi yake walimwaga dizeli yote ya tanki, wakatia mpya kutoka kwenye dumu. Tatento akawasha. Mwanzoni injini iliunguruma kama kawaida, naye akaanza wimbo wake. Kisha mngurumo ukapanda. Hakuna aliyekuwa ameongeza mwendo. Moshi ulifunika migomba, na sauti ikawa kilio kisichovuta pumzi. Tatento alivuta waya wa kuzimia, akauvuta tena. Haikuzima. Ilikuwa imeanza kunywa ile oili yake iliyojaa dizeli, haikuhitaji tanki tena. Lakini sisi tuliamini ubaya uko kwenye tanki, kwa hiyo Tatento aliruka chini, akainama ubavuni mwa injini afunge koki ya tanki. Hapo ndipo ubavu ule ulipopasuka, na kipande cha chuma kikamwingia chini ya kifua.

Walimbeba kwa machela. Hakufika Muleba.

Fundi alikuja Jumamosi kama alivyoahidi, akatukuta msibani. Alikwenda kuchomoa kijiti, akarudi amebadilika uso. "Oili hamkumwaga?" alimwuliza baba. "Mlimwaga dizeli? Binti hakukuambia, oili?"

Baba alisikia maneno mawili pale alipozoea moja. Oili, dizeli. Alinitazama, nami nilikuwa nimesimama karibu na mke wa Tatento, Ma Eva, aliyekuwa amenishika bega. Kisha akakusanya Kiswahili chote alichokuwa nacho.

"Mtoto alisema. Mimi, kosa."

Nilishukuru. Naona aibu kuliandika, lakini nilishukuru, nikajiambia kwamba baba amesahau kidole cha nani kilinyoshwa. Mtoto hupenda kuamini kwamba wakubwa husahau.

Hakusahau. Nilikuja kuelewa nikiwa tayari mwalimu, nikiwafundisha watoto wa wenzangu tofauti ya maneno, na wakati huo baba alikuwa kaburini. Miaka yote ile ukoo ulimhesabu kuwa mtu aliyeletewa onyo akalipuuza, akamwua mdogo wake. Ma Eva, ambaye migomba yake ilipakana na yetu, hakumsalimia tena hata siku moja. Baba alikuwa akivua kofia akikutana naye njiani, naye anapita.

Mimi Ma Eva alinipenda. Kila msimu wa senene aliniletea zilizokaangwa vizuri, zimefungwa kwenye jani, akisema kwamba angalau mimi nilifikisha ujumbe. Baba alikuwa ameketi palepale, anasikia. Nami nilikula.